Je, seli zangu hazina mlango wa VVU?

“Daktari, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina miaka 41 na ninaishi Ahero. Nilioa 2013. Mwaka 2016 mke wangu alipokuwa na mimba ya pili alipimwa katika kliniki ya wajawazito akapatikana na virusi. Mimi nikapimwa, nikawa sina. Alianza dawa wiki hiyo hiyo, na mtoto alizaliwa salama. Tangu 2017 kipimo chake cha kiwango cha virusi kimekuwa kikirudi kikisema havionekani. Mimi hupimwa mara kwa mara na kila mara ni hasi. Tangu 2018 ninameza PrEP, ile dawa ya kumkinga asiye na virusi asiambukizwe. Shemeji yangu anasema nimeponea kwa sababu nina damu ya kundi O, na kwamba kuna watu ambao seli zao hazina mlango ambao virusi hupitia, tena kuna mgonjwa kule Ujerumani aliyepona kabisa alipowekewa uboho wa mtu wa namna hiyo. Nilitahiriwa 2009, kama hilo lina maana. Maswali yangu ni haya. Je, mimi ni mmoja wa watu hao? Ninaweza kupimwa wapi? Kama ndivyo, niache PrEP? Na je, ninaweza kumpa mke wangu uboho wangu naye apone? Niko tayari hata kesho. Halafu tungependa kupata mtoto mwingine.”

Ndugu yangu,

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesita pale unaposema uko tayari kutoa uboho wako hata kesho. Nitalijibu hilo kwa uwazi, lakini kwanza uniruhusu nikueleze namna kirusi kinavyoishika seli, kwa sababu ukishaielewa hatua hiyo, majibu ya maswali yako mengine yatajitokeza yenyewe. Shemeji yako hakukudanganya kwa makusudi. Amechanganya mambo matatu: la kwanza si kweli, la pili ni kweli lakini karibu hakika halikuhusu wewe, na la tatu ni kweli lakini lilimtokea mtu aliyekuwa akifa kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Nisikuweke roho juu. Karibu hakika seli zako zina mlango huo kama zilivyo zangu. Kinachokulinda tangu 2017 hakimo katika damu yako, bali kimo katika kidonge anachomeza mke wako kila siku.

Suala la kundi la damu nitalimaliza upesi. Makundi A, B, AB na O ni alama za sukari zilizo juu ya chembe nyekundu, na VVU havishughuliki na chembe nyekundu. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini wala jeni, kwa hiyo hata kirusi kingejipenyeza humo kisingepata chochote cha kukisaidia kuzaana. Kundi O ndilo lenye watu wengi zaidi hapa kwetu, na katika kliniki ninayofanyia kazi hapa Kisumu wagonjwa wa kundi O ni wengi vilevile.

Hata hivyo, wazo lenyewe la mlango unaokosekana si upuuzi, na wewe na mimi huenda tunalo mfano wake mwilini, ila ni wa ugonjwa mwingine. Vimelea vya malaria aina ya vivaksi huingia katika chembe nyekundu kwa kushika protini inayoitwa Duffy. Watu wengi mno wenye asili ya upande huu wa Afrika hawana protini hiyo kwenye chembe zao nyekundu, na hiyo ni sababu kubwa inayofanya malaria inayotulaza hapa, kuanzia nyanda za Kano hadi Siaya, iwe ya falsiparamu, ambayo haiitegemei Duffy. Basi mwili unaweza kweli kumfungia adui kwa kukosa kitu ambacho adui alikuwa akikitegemea. Swali ni kama jambo hilo limetokea kwako kuhusu VVU.

Tone la damu nikilipaka kwenye kioo, nikalitia rangi na kulitazama kwa hadubini, chembe nyekundu huonekana zimetanda kama nafaka iliyoanikwa. Hapa na pale katikati yake hujitokeza limfosaiti, aina ya chembe nyeupe ya kinga, duara dogo lenye kiini cha zambarau iliyokolea kinachojaza karibu seli nzima, kikiacha ukanda mwembamba wa buluu hafifu pembezoni. Limfosaiti zote zinafanana kwa macho. Lakini kwenye utando wa baadhi yake imesimama protini iitwayo CD4, na kwenye nyingine haipo, na tofauti hiyo ambayo jicho haliioni ndiyo inayoamua ni seli ipi itashikwa na VVU na ipi itapitwa. Baadhi ya seli nyingine za kinga, kama makrofaji, nazo zina CD4, ila kwa kiasi kidogo zaidi.

Sasa fikiria seli hiyo imekuzwa ikafikia upana wa nyumba ya msonge, mita saba au nane. Kirusi kimoja kwa kipimo hicho kitakuwa kama chungwa kubwa. Ninapowafundisha wanafunzi huchukua chungwa halisi na kulichomeka karafuu kumi na nne hivi, zikiwa zimeachana, na karibu kila mara kuna mwanafunzi anayeshangaa kuwa ni chache kiasi hicho. Kila karafuu ni mwiba wa protini. Kichwa cha mwiba kimeundwa na vipande vitatu vya protini iitwayo gp120, na shina lake ni vipande vitatu vya gp41 vilivyojikita katika utando wa mafuta unaokifunika kirusi. Kirusi hakina miguu wala mkia wa kuogelea. Kinachukuliwa na majimaji ya mwili huku na huku mpaka kigusane na seli, na mara nyingi hushikika kwanza kijuujuu tu kwenye sukari zilizo juu ya utando wa seli, mshiko dhaifu unaoweza kuachia wakati wowote.

Mshiko wa kweli huanza gp120 inapokutana na CD4. Nadhani umewahi kuona boti ikifungwa kule Dunga. Kamba ya kwanza hurushwa kwenye nguzo, boti ikavutwa na kugeuka kidogo, ndipo ubavu wake wa pili ukakaribia nguzo nyingine na kamba ya pili ikafika. Bila ile ya kwanza, ya pili haifiki. Ndivyo ilivyo hapa. Kichwa cha mwiba kikishaishika CD4, hujipinda na kufunguka, na sehemu iliyokuwa imefichwa ndani hujitokeza nje. Sehemu hiyo ndiyo inayoshika kipokezi cha pili, ambacho kwa kawaida ni protini iitwayo CCR5.

Hicho kipokezi cha pili ndicho “mlango” aliousikia shemeji yako, na ugunduzi wake ulichukua muda. Kirusi kilitambuliwa mwaka 1983 katika Institut Pasteur, Paris, na Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao. Mwaka uliofuata, watafiti wa London na wa Paris walionyesha kuwa CD4 ndiyo inayoshikwa. Ilionekana kana kwamba kazi imekwisha. Lakini walipochukua seli za panya na kuzifanya zitoe CD4 ya binadamu, virusi vilishika tu, havikuingia. Kumbe kulikuwa na kitu kingine juu ya seli za binadamu ambacho panya hana. Ilipofika 1996 ndipo vikatambuliwa vipokezi viwili wenza: kwanza CXCR4, na mara baada yake CCR5, ambayo hutumiwa na takriban virusi vyote vinavyomwingia mtu kwa mara ya kwanza. CXCR4 hutokea kutumiwa baadaye, kwa baadhi ya wagonjwa, maambukizi yakishakaa muda mrefu.

Naomba uniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu neno “mlango” linawapotosha wengi. CD4 na CCR5 havikuumbwa kwa ajili ya virusi. CD4 huisaidia seli ya kinga kushikamana na seli nyingine inayoionyesha kipande cha mdudu aliyekamatwa, ili mwili ujue wa kupigana naye. CCR5 ni kama pua ya seli: hunusa kemikali zinazotoka mahali penye uvimbe au kidonda, na seli ikafuata harufu hiyo. Kirusi kimejifunza kushika vyombo ambavyo seli inavihitaji kwa kazi yake. Ndiyo maana huwezi kuviondoa tu kwa dawa bila kufikiria madhara, na ndiyo maana pia mahali penye kidonda au uvimbe huwa pa hatari zaidi kwa maambukizi, kwa kuwa seli zenye CD4 na CCR5 hukusanyika hapo zenyewe.

Huenda ukauliza, kama tunaijua sehemu inayoshika, kwa nini mwili usitengeneze kingamwili za kuiziba? Ni kwa sababu ya ufichaji nilioutaja. Karibu nusu ya uzito wa gp120 ni sukari, iliyotanda juu yake kama gugumaji linavyotanda ghubani hapa Kisumu hata maji yenyewe usiyaone, na sukari hizo zimetengenezwa na seli zetu wenyewe, kwa hiyo kinga haizioni kuwa ni ngeni. Sehemu ya kushika CCR5 haijitokezi mpaka CD4 imekwisha kushikwa, wakati ambapo nafasi iliyobaki kati ya kirusi na seli ni finyu mno kwa kingamwili kupita. Hii ni mojawapo ya sababu kubwa za kuchelewa kwa chanjo.

Vipokezi vyote viwili vikishashikwa, gp41 hufyatuka. Ncha yake hujichoma katika utando wa seli, kisha shina zima hujikunja kama kisu cha kukunja, likivuta utando wa kirusi na utando wa seli mpaka vigusane. Tando zote mbili ni za mafuta. Umeona matone mawili ya mafuta juu ya mchuzi yakigusana: hayasukumani, huungana yakawa tone moja. Hivyo ndivyo kirusi kinavyoingia. Yaliyomo ndani yake, yaani nakala mbili za RNA, ambayo ndiyo iliyobeba jeni zake, na vimeng'enya vyake, humwagika ndani ya seli.

Baada ya hapo hufanyika jambo lililoipa jamii hii jina la retrovirusi. RNA hunakiliwa kuwa DNA, kinyume cha mwelekeo wa kawaida, kisha DNA hiyo hupachikwa katika jeni za seli yenyewe na kubaki humo. PrEP unayomeza haizibi mlango, na wala haiizuii gp120 kushika CD4. Tenofovir na dawa mwenzake hungojea ndani ya seli na kukatiza unakili huo, ili DNA ya kirusi isikamilike. Kwa hiyo mtu anayemeza PrEP anaweza kuguswa na kirusi, kirusi kikashika na hata kuingia, na bado asiambukizwe, ikiwa dawa ilikuwa imo ndani ya seli kabla ya kirusi kufika. Ukiielewa hatua hii utaona kwa nini kidonge kinachomezwa leo na kusahauliwa siku nne hakitoshi.

Turudi kwa watu wasio na mlango. Wapo kweli. Katika jeni ya CCR5 ya baadhi ya watu kuna herufi 32 zilizokosekana, na aliyerithi nakala hiyo pungufu kutoka kwa baba na kwa mama, zote mbili, hutengeneza CCR5 isiyofika juu ya seli. Watu hao ni takriban mmoja katika kila 100 miongoni mwa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara badiliko hilo karibu halipo, na uwezekano wa mtu wa Kano kulirithi kwa wazazi wote wawili ni mdogo kiasi kwamba singekushauri utoe hata nauli ya matatu ukilitafute. Kipimo chake hakimo katika huduma za kawaida za kliniki zetu, na hata ungekipata kwenye maabara ya utafiti, majibu yake yasingebadilisha ushauri wangu. Hata wenye badiliko hilo si salama kabisa, kwa maana wamewahi kupatikana miongoni mwao walioambukizwa na virusi vinavyopitia CXCR4.

Mbona basi hukuambukizwa kati ya 2013 na 2016, kabla ya dawa yoyote? Ninajua hili ndilo linalokufanya uamini kuwa una kitu cha pekee. Kwanza, hatujui ni mwaka gani virusi vilimwingia mke wako, na sikushauri uanze kulichimbua, kwa kuwa hakuna kipimo kitakachokupa tarehe na mahojiano ya nyumbani yatawaumiza bure. Tuseme hata hivyo kwamba alikuwa navyo miaka yote mitatu. Kuvuka ziwa hapa, huko Rakai nchini Uganda, watafiti waliwafuatilia wanandoa 415 wa hali tofauti, yaani mmoja ana virusi na mwenzake hana, katika miaka ya 1990, kabla ya dawa za ARV kupatikana huko. Kati ya kila wenza 100 wasio na virusi, karibu 12 waliambukizwa kwa mwaka. Ni idadi ya kuhuzunisha sana, lakini igeuze uione upande wa pili: 88 hawakuambukizwa mwaka huo. Ukipiga hesabu hiyo kwa miaka mitatu, karibu wawili kati ya kila watatu wangekuwa bado hasi bila kuwa na jeni yoyote ya ajabu.

Tena wewe ulikuwa umetahiriwa, na umefanya vizuri kulitaja, kwa sababu linahusiana moja kwa moja na vipokezi tunavyovizungumza. Upande wa ndani wa govi ni ngozi laini yenye seli nyingi za kinga karibu na uso wake, zikiwemo zenye CD4 na CCR5, na govi likiondolewa, kirusi hukosa sehemu kubwa ya mahali pa kushika. Hapa hapa Kisumu vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 walishiriki katika utafiti uliosimamishwa mapema Desemba 2006, kwa sababu waliotahiriwa walikuwa wakiambukizwa chini ya nusu ya wenzao. Ile kampeni iliyokufikia 2009 ilitokana kwa sehemu kubwa na vijana hao, wengi wao wakiwa wametoka katika jamii ambayo kijadi haikutahiri. Hiyo ni kinga ya nusu njia, si ngao kamili, lakini ukiiongeza kwenye hesabu ya Rakai, matokeo yako ya 2016 si muujiza. Ni bahati ambayo wengi waliipata.

Jambo jingine lililoonekana Rakai ndilo ninalotaka ulishike zaidi. Miongoni mwa wanandoa ambao mwenza mwenye virusi alikuwa na chini ya nakala 1,500 katika mililita moja ya damu, hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake. Hilo lilichapishwa mwaka 2000, na tangu hapo ushahidi umezidi kuwa imara. Mwaka 2011 utafiti wa wanandoa 1,763 katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa kuanza ARV mapema kulipunguza maambukizi kwa asilimia 96, na tafiti zilizofuata zikawafuatilia wanandoa ambao kiwango cha virusi kimeshuka kisionekane, wakishiriki tendo bila kondomu maelfu kwa maelfu ya mara, bila kupata hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza huyo. Mwiba ukiwa mkali namna gani, na mlango ukiwa wazi namna gani, mshiko hautokei ikiwa hakuna kirusi cha kushika. Seli zako ni za kawaida. Mke wako ndiye aliyeifanya njia iwe tupu, kidonge kwa kidonge, kwa miaka yote hiyo, na ningefurahi sana kama ungemwambia hivyo kwa maneno yako mwenyewe.

Ninakuonya kuhusu imani ya “mimi sishikwi” kwa sababu tumewahi kuiona ikivunjika. Huko Majengo, Nairobi, kuna wanawake wanaofanya biashara ya ngono waliofuatiliwa kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada. Baadhi yao walibaki hasi kwa muda mrefu licha ya kukutana na virusi mara nyingi, na dunia ikawaangalia kwa matumaini makubwa. Seli zao zilipojaribiwa katika maabara, ziliambukizika kama za mtu mwingine yeyote. Vipokezi vilikuwepo. Kilichoonekana kuwasaidia ni namna kinga yao ilivyokuwa imetulia na kujizoeza. Baadaye baadhi yao waliambukizwa, na walioingia katika hatari hiyo zaidi walikuwa wale waliopumzika kazi hiyo kwa muda kisha wakarudi.

Sasa uboho. Mgonjwa aliyesimuliwa na shemeji yako ni Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin. Alikuwa na VVU, lakini kilichompeleka kwenye upandikizaji mwaka 2007, na tena 2008, kilikuwa saratani ya damu. Madaktari wake walimtafutia mtoaji mwenye uboho unaolingana naye ambaye pia hakuwa na CCR5, na virusi havikurudi tena maishani mwake. Alifariki mwaka 2020 kwa saratani ile ile. Ili uboho mpya ukae, wa zamani huharibiwa kwanza kwa dawa kali au mionzi, na mgonjwa hubaki kwa majuma bila kinga yoyote. Wagonjwa wengi kiasi cha kututisha hufa katika matibabu hayo, na Brown mwenyewe aliponea chupuchupu katika upandikizaji wa pili. Mke wako hana saratani. Ana maambukizi yaliyodhibitiwa kwa kidonge kimoja kwa siku na anaweza kuwaona wajukuu zake. Uboho wako ungekuwa na CCR5 kama wa kwake, na mume na mke ni nadra sana kulingana kiasi cha kupandikiziana. Hakuna daktari mwaminifu atakayekubali kumwingiza katika hatari hiyo, na akitokea mtu anayewaahidi tiba ya namna hiyo kwa malipo, muondoke.

Kuhusu PrEP, nitakupa maoni yangu, ingawa uamuzi lazima ufanywe na anayewaona ana kwa ana. PrEP kwa wanandoa kama nyinyi ilikusudiwa iwe daraja. Mradi uliowashirikisha wanandoa wa Kisumu, Thika na maeneo mawili ya Uganda uliwapa wenza wasio na virusi PrEP mpaka mwenzao awe ametumia ARV kwa miezi sita, kisha ikaachwa, na maambukizi yalipungua kwa asilimia 96. Wewe umelivuka daraja hilo muda mrefu uliopita. Ikiwa vipimo vya mke wako bado havionyeshi virusi, hakosi dozi, na hakuna mwenza mwingine kwa upande wowote, basi kuacha ni chaguo halali, na sitakuona kuwa mzembe. Kuendelea pia ni chaguo halali. Nimewaona wanaume wanaojua vizuri kuwa hawako hatarini, lakini kidonge chao kinawapa usingizi, na usingizi nao ni afya. Ambacho sitakubaliana nacho ni kuacha kwa sababu ya kundi O au mlango unaodhaniwa kuwa haupo, kwa maana uamuzi wenye msingi huo hautabadilika siku hali ya mke wako itakapobadilika.

Tafadhali usiache ghafla peke yako nyumbani. Dawa zilizomo katika PrEP huvizuia pia virusi vya homa ya ini aina ya B, na kama una maambukizi hayo bila kujua, kuacha kwa ghafla kunaweza kuyaamsha yakaliumiza ini. Kipimo chake ni cha damu tu.

Mtoto mwingine mnaweza kumpata kwa njia ya kawaida kabisa, mradi kiwango cha virusi cha mke wako kiwe kimepimwa karibuni na bado hakionekani. Mhudumu wake ajue mapema kwamba mnapanga, ili afuatiliwe kwa ukaribu tangu mwanzo wa mimba na wakati wa kunyonyesha.

Yapo mambo yasiyofaa kungojea tarehe ya kliniki. Nenda upesi ikiwa mke wako amekosa dawa kwa siku kadhaa, iwe ni kwa safari, ugonjwa au kukosa nauli, au ikiwa kipimo chake kimerudi na virusi vinaonekana. Nenda mmoja wenu akipata kidonda au usaha sehemu za siri, kwa sababu nilizoeleza kuhusu seli zinazokimbilia penye uvimbe. Kama utakuwa umeacha PrEP na kukatokea tukio la hatari, zipo dawa za dharura za siku 28, lakini lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ina faida. Na ukipata homa, koo kuuma na vipele majuma mawili hadi manne baada ya tukio kama hilo, usijitibu malaria tu ukanyamaza. Sema yote, upimwe.

Kwa sasa hakuna dharura. Tarehe ya mke wako ya kuchukua dawa ikifika, funga karakana asubuhi hiyo muende pamoja, mbebe kadi zote mbili, na umwombe mhudumu akuandikie kipimo cha homa ya ini aina ya B kabla ya kuzungumza chochote kuhusu kuacha.